Uwepo wa Mwalimu Asiyeonekana: Uhakiki wa Nadharia ya Jumuiya ya Udadisi katika Ufundishaji kwa Njia ya Mtandao

1. Utangulizi

Vyuo vya Tanzania vilifungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, vikafunguliwa tena tarehe 1 Juni mwaka ule ule. Katika muda huo mfupi swali lililokuwa la wataalamu wachache likawa swali la kila mhadhiri: je, yawezekana kumfundisha mwanachuo asiyekuwapo mbele yetu, naye akafundishika? Wakati ule wengi walijibu kwa haraka, maana hapakuwa na nafasi ya kufikiri. Leo nafasi ipo. Vyuo vingi, vikiwamo vya Kanisa, vimeendelea kutoa sehemu ya masomo kwa mtandao, si kwa kulazimishwa na ugonjwa bali kwa hiari. Sababu yake ni njema. Mwinjilisti mwenye familia na mtaa wa kuhudumia hawezi kuviacha vyote kwa miaka kadhaa akaishi bwenini.

Katika makala haya hatukusudii kuuliza kama jambo hili lifanyike, maana linafanyika. Twakusudia kuipima nadharia moja ambayo imepata kukubaliwa mahali pengi ulimwenguni kuwa msingi wa ufundishaji wa namna hii. Tunaipima kwa sababu mbili. Kwanza, ina mafundisho ambayo waalimu wa theolojia wangefaidika nayo. Pili, ina mapungufu ambayo yakipokewa bila kuchunguzwa yatatufanya tumpeleke kwa Askofu mtu wa kubarikiwa ambaye sisi wenyewe hatumjui.

2. Nadharia Yenyewe

Mwaka 2000 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada, yaani Randy Garrison, Terry Anderson na Walter Archer, walieleza jinsi mazungumzo ya kuandikiana kwa kompyuta yanavyoweza kuwa elimu ya kweli ya chuo kikuu. Nadharia yao tutaiita Jumuiya ya Udadisi. Wanafundisha kwamba elimu ya juu hutokea pale panapokutana uwepo wa namna tatu. Wa kwanza ni uwepo wa fikra, yaani kadiri wanachuo wanavyojenga maana kwa kutafakari na kujadiliana. Wa pili ni uwepo wa kijamii, yaani uwezo wa mshiriki kujitokeza kama mtu halisi mbele ya wenzake. Wa tatu ni uwepo wa ufundishaji, yaani kazi ya kuandaa somo, kuongoza mazungumzo, na kutoa mafundisho yenyewe pale yanapohitajika.

Uwepo wa fikra wameugawa katika hatua nne, wakifuata mawazo ya mwanafalsafa wa Marekani John Dewey. Kwanza hutokea tatizo linaloamsha fikra. Pili wanachuo hulipeleleza. Tatu huunganisha mawazo yao yakawa hoja. Nne hufikia suluhisho na kulijaribu. Mtafiti huyachukua maandishi ya wanachuo, akayapanga moja moja chini ya hatua hizo, akaona darasa limefika wapi.

3. Mambo Tunayoyakubali

Jambo la kwanza tunalolikubali ni kwamba nadharia hii imeweka mazungumzo katikati, wala si chombo. Michael Moore, mtaalamu wa elimu ya masafa, alikwisha kufundisha kwamba umbali unaomdhuru mwanafunzi si wa maili. Ni ule wa kutoelewana, ambao huongezeka kadiri mazungumzo yanavyopungua na kadiri somo linavyofungwa katika mpango usiomsikiliza mwanafunzi. Kwa kipimo hicho mwanachuo aliyeketi safu ya nyuma katika ukumbi wa watu mia tatu aweza kuwa mbali kuliko yule aliyeko Mbulu anayejibiwa barua yake kila juma.

Historia ya miaka ya karibuni imeithibitisha hoja hiyo. Mwaka 2012 zilianzishwa Coursera na edX, nao watu walisema kwamba sasa mhadhara wa profesa mmoja wa Marekani utaufikia ulimwengu mzima. Mihadhara iliufikia ulimwengu kweli, lakini wanafunzi hawakubaki. Mwaka 2019 Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walionyesha katika jarida la Science kwamba katika kozi za wazi za vyuo vikuu vya Harvard na MIT za mwaka 2017 na 2018, waliomaliza walikuwa kama 3 tu katika kila watu 100 waliojiandikisha. Mihadhara hiyo haikuwa mibaya. Kilichokosekana ni mtu wa kumwuliza aliyenyamaza, "Mbona juma hili hatukukuona?"

Walutheri hawana sababu ya kulishangaa jambo hili. Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 iliandikwa kwa ajili ya nyumba ambazo hazikuwa na mwanatheolojia, na sehemu zake za kwanza zilichapwa kama mabango ya kutundikwa ukutani. Ilikuwa ni elimu ya masafa. Lakini Luther hakuridhika na kutundika maneno. Baada ya kila amri na kila sehemu ya Imani aliweka swali la kutaka maana, akamkabidhi mkuu wa nyumba kazi ya kuuliza na kusikiliza jibu.

Jambo la pili tunalolikubali ni maelezo yao ya uwepo wa ufundishaji. Waalimu wengi wanadhani wapo darasani kwa sababu sura yao inaonekana katika kioo cha simu. Nadharia hii inakataa. Mwalimu yupo katika mpango wa somo uliofikiriwa tangu mwanzo, katika swali lililotungwa vizuri, katika jibu linalorudi kwa wakati, na katika neno la kumrudisha kwenye njia aliyepotoka. Mhadhiri anayesoma maandishi yake kwa saa mbili mbele ya kamera, kisha akazima, hakuwapo kwa maana hiyo.

Jambo la tatu ni uaminifu wao. Tafiti nyingi zilizotumia vipimo vyao wenyewe ziliona kwamba mazungumzo ya wanachuo huishia katika hatua ya kupeleleza, na mara chache tu hufika kwenye suluhisho. Garrison na wenzake hawakulificha jambo hili. Walisema kwamba mara nyingi kasoro iko katika swali la mwalimu. Hapa pana faida kubwa kwetu. Ukiwaambia wanachuo, "Toeni maoni yenu juu ya nidhamu ya Kanisa," utapata maoni ishirini yanayofanana, kila mmoja akimshukuru mwenzake. Lakini uwaambie hivi: "Mkristo aliyekuwa ametengwa na Ushirika amefariki usiku. Familia inaomba mazishi ya Kanisa. Baraza la wazee limegawanyika, na maziko ni kesho saa nane. Andika utakalowaambia wazee, na sababu zake katika Maandiko na katika Maungamo yetu." Sasa hawawezi kuishia katika kupeleleza, kwa kuwa saa nane inakuja. Wakitofautiana, tofauti yao itakuwa ya kweli.

4. Mapungufu ya Nadharia

(a) Inausoma ukimya vibaya

Nadharia hii humhesabu mtu kuwa yupo kwa kadiri anavyoandika. Asiyeandika hahesabiwi. Kipimo hiki kilitungwa katika madarasa ya Kanada, ambako mwanafunzi huhesabiwa kuwa mwema akimpinga mwenzake waziwazi. Kwetu mtu hulelewa asimsahihishe mkubwa mbele za watu. Mwinjilisti wa miaka ishirini na mitano akiona kwamba mchungaji wa miaka hamsini, mwanachuo mwenzake, ameufafanua vibaya Waraka kwa Warumi, hatasema. Atanyamaza, au ataandika kwamba anakubaliana na Baba Mchungaji. Kwa vipimo vya nadharia, yule aliyenyamaza hayupo, naye aliyekubali bila kufikiri yupo. Kwa hakika huenda ikawa kinyume.

Kuna na suala la lugha. Masomo ya shahada nchini mwetu hufundishwa kwa Kiingereza. Mtu anayeweza kuhubiri kwa Kiswahili mpaka kina mama wakatoa machozi hupungukiwa na maneno anapotakiwa kuandika hoja kwa Kiingereza mbele ya darasa zima, mahali ambapo kosa lake litabaki limeandikwa. Waalimu wakisema, "Hawa hawashiriki," kwanza yafaa waulize ni lugha gani waliyowataka washiriki, na mbele ya nani.

(b) Inadhani njia ni bure

Watungaji wa nadharia waliandika wakidhani kwamba kila mshiriki yupo mbele ya kompyuta iliyounganishwa mchana kutwa. Wanachuo wetu walio wengi wanasoma kwa simu, kwa bando walilolinunua kwa fedha ya chakula, na wengine hupanda mlimani ili wapate mtandao. Hapo suala la kuwapo au kutokuwapo huamuliwa na shilingi kabla halijaamuliwa na fikra.

Kwa sababu hiyo hatuna budi kuutahadhari ushauri unaotoka kwingine. Mwaka 2014 Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin walichunguza mara milioni 6.9 ambazo wanafunzi wa edX walitazama video za masomo, wakaona kwamba watazamaji huanza kuondoka video ikizidi dakika 6. Wengi wamelifanya neno hili kuwa sheria. Tunakubali kwamba mhadhara mrefu usiokatwa huchosha. Lakini utafiti ule ulipima muda wa kutazama, wala haukupima kujifunza. Wenyewe walilisema hilo. Tena haukuuliza video iligharimu nini. Sauti peke yake ya dakika kumi, pamoja na kurasa mbili za maandishi, hula sehemu ndogo sana ya bando ikilinganishwa na video ya muda huo huo. Mwalimu anayependa kuonekana na amfikirie anayelipa ili amwone.

Katika jambo hili mmoja wa watungaji wenyewe ametusaidia. Mwaka 2003 Terry Anderson alitoa hoja kwamba kujifunza kwa kina kwaweza kupatikana endapo moja tu kati ya mahusiano matatu litakuwa na nguvu: la mwanafunzi na mwalimu, la mwanafunzi na wenzake, au la mwanafunzi na somo lenyewe. Mengine mawili yaweza kupungua. Kwa chuo maskini hoja hii ni faraja. Hatuhitaji kuwa na kila kitu. Yatupasa kuchagua kimoja na kukifanya kwa uaminifu.

(c) Inayaamini maandishi kupita kiasi

Mwaka 2009 Liam Rourke na Heather Kanuka waliipinga nadharia hii wakisema kwamba tafiti zake nyingi hazikupima kujifunza. Ziliwauliza wanafunzi kama wanadhani wamejifunza. Tunaona kwamba pingamizi hili halijajibiwa vya kutosha. Mtu aweza kuridhika na darasa asitoke na kitu.

Leo pingamizi hilo limezidi uzito. Nadharia nzima imesimama juu ya imani kwamba maandishi ya mwanachuo ni dirisha la fikra zake. Tangu Novemba 2022, ilipotolewa programu ya ChatGPT, mtu yeyote aweza kupata kwa dakika moja hoja iliyopangwa vizuri, yenye hatua zote nne, bila yeye mwenyewe kufikiri hatua hata moja. Tukiendelea kuhesabu maandishi peke yake tutakuwa tunaipa mashine alama. Dawa yake si kuongeza ulinzi. Dawa ni kumpigia mwanachuo simu na kumwambia, "Umeandika kwamba wazee wakatae mazishi. Mimi ndiye mjane wa marehemu. Niambie mwenyewe." Dakika tano za namna hiyo zitamfunulia mwalimu mengi kuliko kurasa kumi.

(d) Inalitumia neno uwepo kwa wepesi

Upungufu wa nne unatuhusu sisi kwa namna ya pekee. Kwa watungaji wa nadharia, uwepo ni jinsi mtu anavyohisiwa na wengine. Akihisiwa kuwa yupo, basi yupo. Kwa Mlutheri neno hili lina uzito mwingine. Mwaka ule ule wa Katekisimo, 1529, Luther na Zwingli walikutana mjini Marburg, wakashindwa kupatana juu ya uwepo wa Kristo katika Chakula cha Bwana. Luther hakukubali kwamba uwepo uwe ukumbusho moyoni mwa mshiriki. Alishikilia kwamba Kristo yupo kweli, amejifunga kwa vitu vinavyoshikika.

Hatusemi kwamba darasa ni sakramenti. Tunasema kwamba theolojia yetu inatukataza makosa mawili. Ungamo la Augsburg, kifungu cha tano, lafundisha kwamba Roho Mtakatifu hufanya kazi kwa njia ya vyombo vya nje, yaani Neno na Sakramenti. Hivyo hatuwezi kudharau chombo kwa sababu tu ni cha nje na cha kidunia. Kanisa letu halikuidharau redio: kituo cha Sauti ya Injili kilirusha matangazo kutoka Addis Ababa tangu 1963 hadi kilipotaifishwa na serikali ya Ethiopia mwaka 1977, na vipindi vya Kiswahili viliandaliwa Moshi. Kosa la pili ni kudhani kwamba kuhisiwa kunatosha. Mchungaji anayeandaliwa atakwenda hospitalini, ataketi na waliofiwa, atashika kichwa cha mtoto juu ya maji. Kuna mambo ambayo mwalimu hayajui juu ya mwanachuo mpaka amwone akimsikiliza mgonjwa asiyeweza kusema, au akisamehe jirani yake wa bwenini.

5. Mtu wa Kwenda na Waraka

Tukitafuta mfano wa kusahihisha nadharia hii, tunao karibu. Mtume Paulo alifundisha kwa masafa sehemu kubwa ya huduma yake. Wakorintho wengine walimdharau wakisema kwamba nyaraka zake ni nzito bali mwili wake ni dhaifu (2 Kor. 10:10). Hata hivyo hakuacha kuandika, wala hakuacha kutamani kuwaona aliowaandikia (Rum. 1:11). Naye Mzee aliyeandika Waraka wa Pili wa Yohana aliona kwamba yako mambo ambayo karatasi na wino havifai (2 Yoh. 12). Lakini tuangalie jambo ambalo husahauliwa: waraka haukwenda peke yake. Fibi alikwenda Rumi (Rum. 16:1-2). Tikiko alikwenda Kolosai, naye alipewa kazi ya kueleza yasiyoandikwa na kuifariji mioyo yao (Kol. 4:7-8). Timotheo alitumwa Korintho awakumbushe njia za Paulo (1 Kor. 4:17). Waraka ulifika pamoja na mtu wa kuulizwa.

Huyo ndiye anayekosekana katika Jumuiya ya Udadisi. Nadharia ina mwalimu, ina wanafunzi wenzake, ina somo; haina mtu aliye karibu na mwanafunzi kwa mwili. Waanzilishi wa elimu ya theolojia kwa njia ya enezi, walioanza mwaka 1963 katika chuo cha Kipresbiteri nchini Guatemala, walilifahamu hitaji hili. Wanafunzi wao walikuwa viongozi wenye familia na mashamba, na waalimu waliwafuata kwao kwa mikutano ya mara kwa mara. Ted Ward wa Marekani aliufananisha mpango wa namna hiyo na uzio. Mti mmoja wa kulala ni masomo ya nyumbani, wa pili ni kazi ya mwanafunzi katika usharika, na nguzo za kusimama ni mikutano ya ana kwa ana. Ukiondoa nguzo, miti italala chini hata kama ni mizuri.

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo manne kwa vyuo vyetu.

Kwanza, kila mwanachuo wa mtandao apewe mlezi katika jimbo lake, mchungaji mwenye uzoefu, ambaye chuo kitamfundisha kazi hiyo na kumtambua kwa barua. Mlezi huyo ataonana naye angalau mara mbili kwa mwezi, atamwona akihubiri, na ushuhuda wake utahesabiwa pamoja na alama.

Pili, darasa ligawanywe katika makundi ya watu watano, kwanza ya wanaolingana kwa umri na daraja, baadaye yachanganywe. Kila mmoja amtumie mwalimu jibu lake kabla hajaona ya wengine. Lugha ya kujadiliana na iwe Kiswahili, hata kama mtihani utakuwa wa Kiingereza.

Tatu, somo liandaliwe kwa ajili ya yule mwenye bando dogo kuliko wote. Yatangulie maandishi na sauti, na video ije pale tu ambapo jicho lina kazi, kama vile kuonyesha namna ya kuongoza liturgia au kuichora ramani ya safari za Paulo.

Nne, mwalimu asipewe wanachuo wengi kuliko anavyoweza kuwajibu ndani ya juma. Kwa wakuu wa vyuo pendekezo hili ni gumu kuliko mengine, kwa kuwa mtandao umependwa kwa sababu unadhaniwa kupunguza gharama. Ukifanywa vizuri haupunguzi kazi ya mwalimu, bali huizidisha.

6. Hitimisho

Jumuiya ya Udadisi ni nadharia njema kwa kazi iliyokusudiwa, yaani mazungumzo ya maandishi ya watu wanaolingana, wenye lugha moja na njia rahisi ya kuonana. Yafaa isomwe na kila mhadhiri wa theolojia anayefundisha kwa mtandao, hasa kwa yale inayosema juu ya swali la mwalimu. Lakini haifai kuwa msingi peke yake wa malezi ya watumishi. Ungamo la Augsburg, kifungu cha kumi na nne, lasema kwamba asiyeitwa kwa utaratibu asifundishe hadharani katika Kanisa wala kutoa Sakramenti. Mwito huo unapitia kinywa cha chuo, ambacho huulizwa, "Je, mnamjua mtu huyu?" Jibu letu litategemea kama tulimsikia tu, au pia palikuwa na mmoja wetu aliyekwenda kwake.